Mimi na Kaka Yangu Tulipotahiriwa

Nilitahiriwa nikiwa na miaka thelathini na tisa, mwalimu wa shule ya msingi na baba wa watoto watatu. Kwetu Murusagamba wazee hawakuwa na mila hiyo. Baba yangu aliishi bila kutahiriwa, akazikwa hivyo, na hakuna aliyewahi kuona kasoro.

Mke wangu ndiye aliyeleta habari ile nyumbani, ingawa hakuileta kama ombi. Alikuwa amekwenda kituo cha afya kupimwa shingo ya kizazi pamoja na wanawake wenzake wa jumuiya. Walimkuta na mabadiliko ya awali, wakamtibu siku hiyo hiyo. Jioni alinisimulia tukiwa jikoni tunamenya ndizi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini kisu kilimteleza mara mbili.

"Nesi amesema virusi vinavyoleta ugonjwa huu mwanaume anaweza kuvibeba bila kujua," alisema. "Akitahiriwa, hatari kwa mke inapungua. Haiishi, inapungua."

"Kwa hiyo unataka nitahiriwe?"

"Nimekueleza nilichoambiwa. Mwili ni wako."

Hakulirudia tena. Mimi ndiye niliyelibeba miezi kadhaa, nikilifikiria hata nikiwa nasahihisha madaftari. Niliogopa maumivu, na niliogopa walimu wenzangu wasije wakanicheka, lakini niliyemwogopa zaidi ni kaka yangu.

Kaka amenizidi miaka minane. Baba alipofariki nilikuwa darasa la pili, naye ndiye aliyeacha shule akashika jembe ili mimi nisome. Ndiye aliyenifundisha kunyoa ndevu, na ndiye aliyenipelekea posa. Nilishamsikia akisema kutahiriwa ni mambo ya Waislamu wa mjini, na alilisema kama mtu anayefunga mlango.

Jumapili moja baada ya misa nikamfuata shambani. Alikuwa anapunguza majani ya migomba. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza bila kuzunguka. Hakunitazama, aliendelea kukata. Baadaye akaketi juu ya mgomba uliokwisha kuangushwa, panga akiliweka chini.

"Unakwenda lini?"

"Shule zikifungwa."

"Tutakwenda wote."

Nilidhani ananitania. Ndipo akaniambia, macho yake yakiwa kwenye udongo, kwamba kwa miaka mitatu govi lake lilikuwa linabana na kutoka vidonda, na kwamba kukojoa kulikuwa kazi. Daktari alishamwambia dawa yake ni kutahiriwa.

"Kwa nini hukuniambia, kaka?"

"Wewe ni mdogo wangu," alisema. "Ningeanzia wapi?"

Tuliamua kwenda Biharamulo, ambako hakuna aliyetujua. Majirani tuliwaambia tunakwenda kutafuta mbegu bora za migomba. Kwa kuwa barabara ya kwetu ni mbovu, tukapanga kukaa huko hadi siku ya saba, tukaguliwe kidonda kabla ya kurudi. Tulipata chumba karibu na soko, kwenye nyumba ya mama mmoja mjane. Ukoo wake ni wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, na hapo mbele alikuwa na duka la vitambaa.

Hospitali walituita mmoja mmoja, wakatuuliza kama tumeamua wenyewe au tumelazimishwa. Wakatupima damu. Mhudumu akatuambia kwamba kutahiriwa kunapunguza hatari ya kupata Ukimwi lakini hakuizuii kabisa, kwa hiyo uangalifu uko pale pale na kondomu ziko pale pale.

"Mkubwa aanze," kaka alisema. Kisha akamuuliza daktari, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mdogo wake anaweza kuingia naye.

Waliniruhusu nisimame upande wa kichwa. Daktari alikuwa kijana, alimwamkia kwanza shikamoo ndipo akavaa glovu. "Baba, utasikia sindano ya ganzi," alisema. "Baada ya hapo utasikia mikono yangu tu." Sindano ilipoingia, kaka alinishika kifundo cha mkono. Kazi yake ilichukua muda kwa sababu ngozi ilikuwa imegandana, na muda wote ule hakuniachia. Nilimtazama paji la uso, mikunjo na mvi za juu ya masikio, nikaona kwamba sikuwa nimemtazama kwa karibu hivyo tangu nilipokuwa mtoto.

Zamu yangu ilipofika alinisubiri nje kwenye benchi. Nilipotoka alikuwa bado hajaigusa chai aliyonunua. Alikuwa ananisubiri tuinywe wote.

Jioni ile mama mwenye nyumba alituona tunavuka ua tumetanua miguu kama tumebeba madebe. Asubuhi aligonga mlango, akaingia na vikoi viwili vilivyopigwa pasi.

"Suruali zitawasumbua, wanangu. Hivi vilikuwa vya marehemu. Watoto wangu wote wa kiume walipita hapo mlipo, sasa mnaona haya ya nini?"

Kaka alianza kucheka, akashindwa kujizuia, huku akijishika tumbo na kusema, "Mama, usituchekeshe, inauma." Tangu siku hiyo alituletea uji wa ulezi kila asubuhi, na kila asubuhi aliuliza kama tumelala vizuri, kisha akaenda zake dukani.

Shida kubwa ilikuwa alfajiri, mwili unapoamka wenyewe bila kujali nyuzi za kidonda. Nesi alikuwa ametuonya, akatuambia twende haja ndogo na tusirudi kitandani haraka. Kaka akagundua kwamba ukisimama peku kwenye sakafu ya saruji, ubaridi unasaidia. Basi tulisimama, watu wazima wawili ndani ya vikoi vya kuazima, tukingoja maumivu yapite. Hapo ndipo tulipozungumza. Alinieleza kwamba alipenda sana hesabu, na kwamba siku aliyoacha shule alilificha daftari lake chini ya godoro, akawa anajipa maswali mwenyewe.

Miaka yote ile sikujua. Nilikuwa nimejizoesha kuamini kwamba shule haikumvutia.

"Ulijuta?" nikamuuliza.

"Mwaka mmoja hivi. Halafu ukaniletea ripoti yako ya darasa la tatu, nikaona jembe halikwenda bure."

Siku ile, tulipokuwa tunajiandaa kwenda kubadilishwa bandeji, nilimwona anahangaika kuinama. Nikapiga magoti, nikamfunga kamba za viatu. Alitaka kukataa, kisha akauweka mkono wake begani kwangu ili asiyumbe.

Siku ya saba mimi niliambiwa kidonda kinakwenda vizuri. Cha kwake kilikuwa kinatoa maji upande mmoja, akapewa dawa, tukaongeza siku nne. Kilikauka. Tulimrudishia mama vikoi vyake vikiwa vimefuliwa, akamwambia kaka abaki na cha kwake, kwa kuwa kimemzoea.

Nyumbani mke wangu alikuwa ametundika pazia jipya mlangoni pa chumba chetu, ili watoto wasiingie ovyo. Alinitandikia, akanikalisha, akanitazama.

"Imeuma?"

"Imeuma."

"Pole," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Sikutaka uumie kwa ajili yangu."

Nikamwambia si kwa ajili yake peke yake. Wiki sita tulizoagizwa kungoja tulilala tukipeana migongo kwa makubaliano, na hatukuwahi kuzungumza kitandani kama tulivyozungumza wiki zile, kuhusu watoto, kuhusu mama yake, kuhusu hofu aliyorudi nayo siku ile kutoka kituo cha afya na akainyamazia. Alipokwenda kupimwa tena alikutwa salama. Sisemi ni kwa sababu yangu, kwani yeye alishatibiwa. Nasema tu kwamba nilifurahi kuwa nimefanya sehemu yangu.

Kaka naye amepona kabisa. Majuzi, nje ya kanisa, wanaume walikuwa wanabishana kuhusu tangazo la huduma ya tohara, wengine wakisema ni kazi ya watoto. Mimi nilinyamaza, pamoja na ualimu wangu wote. Kaka ndiye aliyesema, bila kupandisha sauti, "Mimi nilikwenda. Mwenye swali aje shambani."

Wamemwendea wawili mpaka sasa. Wa pili alimkuta kaka anakula mihogo na maharage, kaka akamkaribisha, wakala kwanza.