Mwenyekiti Alivyoniitikia Kwenye Kipaza Sauti

Mwenyekiti wa mtaa wetu alijianika mwenyewe mbele ya watu sitini na saba, mchana kweupe, tena na tai shingoni.

Sikumtaja. Sikumnyooshea kidole. Nilitaja jina langu tu.

Tulieni niwasimulie polepole. Nikikimbizwa naruka vitu vidogo, na utamu uko humo humo.

Mimi ni Shizue, miaka sabini na mbili. Hapa mtaani Sugihara wananijua kwa figili za kuloweka kwenye chumvi, na kwa kuwapikia wanaume sita waliopanga lililokuwa duka la tofu, jibini ya soya. Ni waraibu walioacha dawa za kulevya. Kila jioni wanakaa duara, kila mmoja anasema yake na wengine wanasikiliza. Hakuna kukatizana, hakuna kupeana ushauri.

Majirani walidhani nina huruma tu.

Huruma wapi! Mimi mwenyewe ni wa duara hilo. Nilivuta shabu, ile dawa ya kulevya ya chengachenga, miaka kumi na moja, nauza tambi huku meno yanagongana. Huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu niache, na mtaa mzima ulikuwa haujui.

Duarani hatutumii majina ya nyumbani. Mimi ni Figili. Ukisema, "Naitwa Figili, ni mraibu," chumba kizima kinaitika kwa pamoja, kwa kuvuta sauti: "Karibuuu, Figili!"

Ni kama kwikwi, ukishazoea huizuii. Niliwahi kumwitikia hivyo karani wa posta alipojitambulisha. Alinipa stempu huku amerudi nyuma hatua moja.

Sasa njooni kwa mwenyekiti, Bwana Tokumitsu. Kiherehere namba moja.

Alitaka wale sita waondoke. Akasimamisha bendera za njano barabara nzima: HATUTAKI WARAIBU. Siku za taka anavaa glavu, anafungua mifuko yao mmoja mmoja akitafuta sindano.

Akakuta vikopo vya aiskrimu. Arobaini na vitatu.

"Mbona wanakula kama watoto wa chekechea?" akashangaa Bi Oginome, mshika bendera wake.

"Wanatuzuga hao," akasema mwenyekiti.

Akaitisha mkutano wa mtaa Jumapili. Wakipigiwa kura mbaya, mwenye nyumba anawatoa kabla mwezi haujaisha.

Ijumaa Morikazu, mkubwa wa wale sita, zamani dereva wa lori, akaja jikoni kunisaidia kumenya tangawizi. Alimenya hadi ikabaki kama kijiti cha kiberiti.

"Mama," akasema, "nikitoka hapa nina mlango mmoja tu wa kugonga. Na anayefungua bado anauza."

Nikainamia sufuria. Maana nilikuwa na kitu mdomoni, kinaniwasha.

Kila Jumatano napanda treni, vituo viwili, kwenda duara la mji mwingine. Majuma matatu nyuma aliingia mgeni, kofia hadi kwenye nyusi. Akaivua.

"Naitwa Bundi, ni mraibu. Nakunywa dawa ya kikohozi chupa nne kwa siku, na sikohoi. Chupa tupu naleta kutupa huku."

Weee! Mkaguzi wa taka anapandisha taka zake treni!

Tukaonana uso kwa uso. Akairudisha kofia hadi kwenye nyusi. Lakini sheria yetu ni moja: unachokiona humu kinabaki humu. Tuliapa sote wawili.

Mzee akarudi nyumbani, akaongeza bendera nne. Aliegemea kiapo changu huku akinipigia watu wangu.

Jumapili ikafika. Viatu vimepangwa mlangoni, chai ya kijani mezani, sita wetu wamekaa nyuma kabisa. Tokumitsu akashika kipaza sauti.

"Mraibu ni mwongo! Anaficha huku anakutazama usoni. Kuna mtu humu anayewajua hawa watu? Asimame!"

Akazungusha macho ukumbi mzima. Kwangu akaruka.

Nikasimama. Sentensi ya kummaliza nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni, siku mbili, imenyooka.

Nikamwona Morikazu anavuta uzi wa soksi yake, anavuta, anavuta. Nikafungua mdomo.

"Naitwa Figili. Ni mraibu."

"Karibuuu, Figili!"

Sauti saba. Sita za nyuma. Moja ya mbele, kwenye kipaza sauti.

Vichwa vyote vikageukia mbele.

"Mwenyekiti," akauliza Bi Oginome, "wimbo wao umejifunzia wapi?"

Tokumitsu akameza mate. Yakasikika spika zote mbili.

"Ni... kikohozi," akasema.

Na hata hakukohoa.

Nikaendelea na yangu. Tambi, shabu, meno, miaka kumi na tisa. Bi Oginome akanikodolea macho.

"Bibi Shizue! Wewe?"

"Mimi."

"Na zile figili nilizokula?"

"Zina chumvi tu, mwanangu."

Mtu akacheka, kisha mwingine. Kura ikapigwa. Mikono arobaini na mmoja ilisema wabaki. Wa kwanza kuinuka, kwa kujikokota sana, ulikuwa wa mwenyekiti.

Asubuhi bendera zote zilikuwa kwenye taka za kuchomwa, zimekunjwa vizuri.

Morikazu akaja na vikopo viwili vya aiskrimu. Tulikula.

Jumatano, vituo viwili mbele, Tokumitsu akaja kukaa kando yangu.

"Bibi, ulifanya makusudi?"

"Niliapa kutotaja jina lako," nikamwambia. "Langu sikuliapia."

Nanyi mkiniuliza, nitasema sikukusudia. Labda robo.

Leo ana miezi kumi bila chupa. Ndiye aliyeniruhusu kusimulia haya, kwa sharti moja: niseme kwamba jina lake la duarani si Bundi. Haya, si Bundi.

Wajukuu zangu, mkimwona mtu anachambua taka za wenzake kwa bidii hivyo, msigombane naye. Mwulizeni tu, za kwake anatupia wapi.