Siku Mama Aliposailiwa

Afisi ile ya Malindi ilinuka wino wa muhuri na mafuta ya taa yaliyopigiwa deki. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa na miaka minane, nimeshika buibui la mama. Mama alitaka kipande, kile kitambulisho cha serikali. Hoteli moja ya ufuoni ilikuwa imemwahidi kazi ya dobi, ila bila kipande hakuna kazi, na baba alikuwa keshatuacha. Asubuhi bibi alimwambia, "Enda, mwanangu. Lakini ujue leo watakusaili."

Neno lile lilinitisha. Chuoni, nilikosoma Kurani, nililijua kwa jambo moja tu: maiti akishazikwa, malaika wawili humjia kaburini kumsaili. Nilikuwa mtoto wa udadisi, nikawa nimeshamwuliza mwalimu asili yake. Akanambia limetoka Kiarabu, ni ndugu wa neno swali, na maana yake ni kuuliza tu. "Mbona basi watu wanaliogopa?" nikauliza. "Kwa sababu yule anayeuliza haulizwi," akasema, akanirudisha kwenye msahafu.

Tulipoitwa, mama alimwamkia karani, asijibiwe. Jina? La baba? La babu? Mama alijibu bila kusita. Kisha akaulizwa, "Nyinyi ni watu wa wapi?" Naye akajibu kama sisi Wabajuni tunavyojibu siku zote, kwa kutaja kisiwa cha wazee hata kama hujawahi kukikanyaga. Alinyoosha shingo kwa fahari, akasema, "Sisi ni watu wa Chovai."

Kalamu ikasimama.

"Chovai iko wapi, mama?"

"Kaskazini huko, ukishapita Kiunga."

"Ukishapita Kiunga si Kenya."

"Mimi nimezaliwa papa hapa Malindi, mwanangu. Chovai ni kwa wazee."

"Mimi si mwanao. Ulivuka lini?"

Ikawa hivyo mpaka adhuhuri. Alivuka na nani, kwa chombo cha nani, nani alimficha. Kila aliposema hajavuka, karani aliandika kwamba anakataa kusema. Mwisho akaitia fomu chini ya rundo, akaita mwingine. Kazi ya dobi ilikwenda kwa mtu mwingine, nami mwaka uliofuata niliacha shule, tukafua nguo za majumbani pamoja.

Tangu hapo nimezurura sana. Nimebeba chumvi Gongoni, nimepika vibandani Mombasa, na Tanga nilikuta tangazo la usaili wa kazi, vijana wamepiga pasi mashati, wanataniana mlangoni. Niliwatazama kwa muda mrefu, nikashindwa kuelewa wanacheka nini.

Kipande changu nilikipata nilipotimu miaka kumi na minane. Nikaulizwa sisi ni watu wa wapi. "Malindi," nikasema. Na kabla ya hapo? "Malindi." Mama alikuwa akingoja nje. Nilipomweleza nilivyojibu, alisema nimefanya vyema, kisha akatangulia njia ya nyumbani. Yeye alikufa bila kipande. Leo wanangu wanavyo vyao, hawakusumbuliwa hata kidogo, na ukiwauliza ni watu wa wapi, watakwambia Malindi, wala hawajui kwamba kuna jina jingine.