Wembe Wenye Miguu

Kazi yangu ni kuchonga mipini. Ya majembe hasa, maana Kasulu ni mji wa wakulima na jembe halikosi mteja, lakini pia ya mashoka, mapanga na visu. Nimeifanya tangu marehemu baba aliponikabidhi patasi yake, na wanaoshangaa kumkuta mwanamke ameketi katikati ya vumbi la mbao nimeshawachoka. Hapa nasimulia habari ya mpini mmoja tu, wa wembe, ulionigombanisha na nusu ya ukoo wangu. Sikuomba radhi wakati ule na leo siombi.

Kwenye ukoo wetu, siku ya kuanua matanga wafiwa wote hunyolewa. Anayenyoa ni shangazi, dada wa marehemu, ambaye kwa lugha ya nyumbani tunamwita masenge. Huanza na kifungua mimba, hufuata watoto wengine kama walivyozaliwa, na humalizia na mjane. Wembe ni ule ule mmoja kwa vichwa vyote. Wazee wanasema damu yetu ni moja, na anayetaka wembe wake peke yake amejitoa kwenye ukoo.

Baba alipofariki, kifungua mimba alikuwa dada yangu. Dada ameolewa Kibondo, na huko ndiko anakochukulia dawa za virusi, mbali na macho ya watu wa kwetu Muyama. Katika familia nilijua mimi tu, naye ameniruhusu kuandika haya ilimradi nisitaje jina la mtu. Baada ya mazishi aliniita nyuma ya jiko akaniambia nesi wake amemwonya asichangie wembe na yeyote. Akikubali kunyolewa, wembe uliotoka kichwani kwake utapita kwangu, kwa wadogo zetu, na mwisho kwa mama. Akikataa, watu watauliza kwa nini, na kijijini kwetu swali la namna hiyo halikosi wa kulijibu. Alikuwa ameshaamua kurudi Kibondo kimya kimya kabla ya matanga, aitwe mtoto aliyemkimbia baba yake.

Nilimwambia haendi popote. Nilikuwa na hasira, kwa sababu aliyemuuguza baba miezi yote ile ni yeye, wakati wale wenye kuijua mila walikuwa wanatuma salamu. Kumpa wembe wake peke yake kungekuwa kumnyooshea kidole. Basi kila mtu atakuwa na wake.

Utasema, si ningenunua nyembe mpya tu nikazigawa? Hilo nililishuhudia likishindikana kwenye matanga ya baba mdogo. Mtoto wake mmoja alileta nyembe za dukani zenye vishikio vya duara, akazipanga kwenye benchi. Uwanja wetu uko mteremkoni kama nyumba zote za huku, na benchi linacheza kila mtu akikaa au akiinuka. Nyembe zikabiringika, nyingine zikaingia kwenye beseni, nyingine majanini. Masenge akawa anaokota uliomfikia mkononi na kuendelea na kichwa kinachofuata, na hakuna aliyeweza kusema huu ni wa nani.

Kwa hiyo nilirudi Kasulu nikijua ninachotafuta: mpini usiobiringika, usioteleza, na ambao ukiwekwa, makali yabaki hewani bila kugusa ubao. Fundi wa milango aliye jirani yangu alinipa vipande vya mninga. Wa kwanza niliuchonga bapa. Ulitulia vizuri, lakini wembe ulilala kifudifudi kwenye ubao, na ukiweka mwingine hapo hapo, unaokota uchafu wa ule uliotangulia. Nikainua shingo ya mpini, kama kuku anavyoinua yake akimeza maji. Sasa makali yalikuwa juu, ila mpini mzima ukawa unaangukia mbele, basi nikaacha mkia mnene ili uzito ukae nyuma. Halafu nikaweka miguu minne, nikajiona nimemaliza. Kwenye meza yangu ulisimama. Kwenye benchi bovu ukatikisika, mguu mmoja ukining'inia.

Jibu lilikuwa jikoni kwangu. Mafiga ni matatu, na sijawahi kuona sufuria ikicheza juu ya mafiga hata ardhi iwe na mabonde. Nikaacha miguu miwili midogo chini ya mabega ya mpini, na mkia ukawa wa tatu. Niliuweka juu ya tofali, juu ya gunia la maharage, kwenye ukingo wa dirisha. Nilipiga meza kwa ngumi. Haukusogea. Jirani yangu akauliza kama huo ni wembe au mjusi, nami nikamjibu kwamba mjusi walau hashindwi kung'ang'ania ukuta, tofauti na milango yake. Nilichonga ya familia nzima, kila mmoja na alama yake shingoni, na kwenye kila mmoja nikakaza wembe mpya kwa waya mwembamba.

Siku ya kuanua matanga niliipanga kwenye benchi mbele ya watu wote. Wengine walicheka. Masenge hakucheka, aliitazama tu, akauchukua wa dada kwa sababu ulikuwa wa kwanza, akamnyoa vizuri na kwa upole. Akaniita mimi. Nilipoketi, nikaona bado ameshika wembe ule ule.

“Masenge, huo umemaliza kazi,” nikasema. “Wangu ni ule unaofuata.”

“Unaogopa damu ya dada yako?”

“Simwogopi dada yangu. Kila mtu hapa ana wembe wake, na wewe unao.”

Dada alikuwa ameinamisha kichwa chake kipya, na niliona shingo yake ikitoka jasho. Masenge aliuweka wembe kwenye benchi kwa nguvu, na benchi lote likatikisika. Nyembe zetu zilibaki zimesimama kwenye mstari, makali juu.

“Kama hamuaminiani,” akasema, “nyoaneni wenyewe.”

Akaondoka, na baadhi ya wajomba wakamfuata. Hadi leo tukikutana sokoni hunipita kama hanijui, na wapo wanaosema nimevunja mila. Sawa, nimeivunja.

Lakini pale uwanjani sikuwa na ujasiri huu. Nilikaa na nywele zangu nikidhani nimewaharibia wote. Ndipo nikasikia maji yakichotwa nyuma yangu. Dada, ambaye tangu aanze dawa alikuwa hathubutu hata kumkata mtoto kucha, alichukua wembe wangu, akanilowanisha kichwa, akaanza kuninyoa.

Aliponimaliza, mama hakungoja zamu yake ya mwisho. Aliinuka kwenye mkeka, akaenda mpaka kwenye benchi, akachukua wembe wenye alama yake na kumpa dada. Kisha akavua kitambaa kichwani, akaketi mbele yake.