Chewa Wangu wa Magara

Ndugu zangu, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Rumonge, Burundi. Nimekulia Tanzania, na Kiswahili changu nakiringia sana.

Juzi, ufukweni Magara, Mama Zaituni aliniuzia samaki mzima, anaogelea ndani ya ndoo.

"Iko samaki ya bahari, mwalimu," akaniambia. "Ni mukali, anakula wenzake!"

Ya bahari! Wala sikuuliza amefikaje. Nilimtia kwenye tangi la kioo darasani, nikamkorogea kilo nzima ya chumvi ili asione ugeni. Nikapekua picha kwenye simu, nikalinganisha madoa na lile domo pana, nikatoa hukumu: chewa wa Bahari ya Hindi. Direkteri wa shule akafurahi, akaita wazazi waje kumwona. Nikavaa tai.

Nilipokuwa katikati ya maelezo, Mama Zaituni, ambaye binti yake anasoma kwetu, akasogea kuchungulia.

"Mwalimu, hii si ile kuhe nilikuuzisha?"

Kuhe! Samaki ninayemla kila Jumapili, ila huwa namwona ameshakaangwa.

"Lakini mama, ulisema ni wa bahari."

"Ndiyo, ya bahari ile pale!" Akanyoosha kidole dirishani, kwenye Ziwa Tanganyika. Kumbe kwao ziwa ndilo bahari.

Wazazi wakaangua kicheko. Mama Zaituni akachovya kidole kwenye tangi, akakilamba, akatikisa kichwa.

"Chumvi umeshaweka, mwalimu. Sasa tafuta mafuta."