Siagi ya Masisi

Harufu ya siagi ya ng'ombe iliyokaa siku nyingi haimpendezi kila mtu. Ni nzito, ina uchachu, na hubaki vidoleni hata baada ya kunawa. Jumanne iliyopita mjukuu wangu alifungua kopo nililomnunulia kwa ajili ya midomo yake iliyokauka, akakunja pua. Mimi nilikaa kitini, hapa nyumbani kwangu mtaa wa Mapendo, nikawa tena na miaka tisa.

Nilianza shule nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa hiyo wakati ule sikujua kusoma kalenda. Baadaye nilihesabu kurudi nyuma, wiki kwa wiki, hadi nikapata uhakika: ilikuwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi, vumbi jeusi la volkano likiwa hata ndani ya sahani zetu.

Mama aliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, pale soko la Kituku. Kila asubuhi, kabla hatujatoka, alinikalisha mbele yake, akanipangusa midomo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akachota siagi kwa ncha ya kidole, akaisugua kwa kidole gumba hadi ikayeyuka, akanipaka. Iliyobaki kidoleni alijipaka yeye. Siagi hiyo ilikuwa kopo moja dogo la tomati, zawadi ya rafiki yake wa Masisi, kule milimani kwenye ng'ombe, nayo ilipaswa kutufikisha kwenye mvua za Septemba.

"Usilambe, Masika," aliniambia. "Ukilamba, upepo itakula midomo yote, utabakia na meno tu."

Sikulamba midomo. Nilifanya vibaya zaidi. Alhamisi ile niliachwa nyumbani na sufuria ya viazi vya moto, nikatia siagi kwenye kiazi kimoja, halafu cha pili, halafu sikuhesabu tena. Nakiri kwenu kwamba sijaonja kitu kitamu kama kile hadi leo. Kopo lilibaki na utando mwembamba chini.

Kesho yake Mama alilifungua, akalitazama, akanitazama. Nilingoja fimbo siku tatu, haikuja. Aliendelea kunipaka kila asubuhi, kisha akapitisha kidole kilekile kwenye midomo yake, tukatoka.

Lakini aliacha kucheka. Pale Kituku muuzaji huita wateja, na sauti ya Mama ilikuwa ikisikika hadi kwenye mitumbwi. Sasa alikaa kimya, ncha ya kitenge mdomoni.

"Ee Mama Masika!" akapaza sauti Mama Kahambu, jirani yake wa beseni. "Unatuletea maringo sasa? Ama umeolewa na minista, sambaza zinakunukia vibaya?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama aliinua nyusi tu. Wateja wakampita, wakainama kwenye beseni la Mama Kahambu, nasi tukarudi nyumbani na nusu ya samaki. Niliona ananiadhibu mimi, na jioni moja hasira ikanishinda.

"Mama, ni juu ya siagi tu ndiyo unaninunia hivi? Uko na roho mubaya."

"Sikununii, mutoto yangu," alijibu, midomo ikifunguka kidogo sana.

Sikumwamini. Hatukulizungumza tena hadi alipofariki.

Miaka minne iliyopita, katika juma la mwisho la ugonjwa wa mume wangu, nilimpangusa midomo kwa maji ya vuguvugu, nikayeyusha siagi, nikampaka. Kisha, bila kufikiri, nikapitisha kidole mdomoni mwangu. Kiliteleza, midomo yangu ikalainika mara moja. Nikabaki na kidole hewani.

Kwa maana niliikumbuka midomo ya Mama Julai ile, kila asubuhi baada ya kupitisha kidole: myeupe, yenye nyufa, bila mng'ao wowote. Nilikumbuka pia madoa ya damu kwenye ncha ya kitenge, ambayo nilidhani ni ya samaki. Kucheka kungempasua. Kuita wateja kungempasua. Utando ule wa chini ulinitosha mimi peke yangu; aliumalizia wote kwenye midomo yangu, naye alitaka nisilijue hilo.

Watu husema mimi ni mwanamke wa kujivuna, wala sikatai. Lakini mjukuu wangu aliponiuliza kwa nini nimenyamaza, sikuweza kumweleza kwamba nilimwita mama yangu mwenye roho mbaya, wakati kila asubuhi alipitisha mdomoni mwake, mbele ya macho yangu, kidole kikavu.