Mashine ya Kukatia Michembe

Wiki iliyopita feni ya mpangaji mwenzangu iliungua. Ile harufu ya waya uliopikika ilipopenya mlangoni kwangu, wenzangu walikimbilia swichi. Mimi nilibaki nimekaa kitandani. Nilikuwa nimerudi Bariadi, nina miaka kumi, na mama yangu yu hai.

Nitawasimulia kama ilivyokuwa. Shule yangu iliishia darasa la saba, kupamba maneno siwezi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini, yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu, na siku nyingine hata hivyo havipo, yalijaa ghafla pasi, redio, chupa za chai na vitu ambavyo hata muuzaji hakujua ni vya nini. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia, baba akauza vizuri. Nyaya za umeme zilikuwa zimefika kwetu, pembeni mwa mji. Tulikuwa na balbu moja, na baba alisikitika kuona umeme unakaa bure mchana kutwa.

Kilichomsumbua zaidi ni kiganja cha mama. Kila msimu wa michembe, baada ya kukata viazi vitamu siku nzima kwa kisu ili tuvianike, kilivimba mpaka akashindwa kushika kikombe. Basi baba akatupeleka dukani kwa Mzee Salumu, ambako kulikuwa na mashine mbili za umeme za kukatia vyakula.

“Ulaya wanakatia mkate na nyama,” alisema Mzee Salumu.

“Na viazi?” baba akauliza.

“Viazi? Hata mbao, ukitaka!”

Mama hakucheka. Aliinua mashine ya kwanza, nzito, ya chuma, yenye miguu ya mpira. Akaisukuma mezani, haikuteleza. Akauliza kama kisu chake cha duara kinafunguka ili kioshwe. Kilifunguka. Ile ya pili ilikuwa nyepesi, ya plastiki nyeupe, inang'aa kama meno. Kisu chake hakikutoka.

“Chukua hii ya chuma, baba Limi,” alisema taratibu.

Limi ndiye mimi. Nami nilimvuta baba shati nikamwonyesha ile nyeupe. Tulirudi na nyeupe.

Jioni ile baba alichimba viazi vitatu, akazungusha kitufe cha unene, akawasha. Vipande vilianguka vyembamba, sawasawa, kama vimepimwa. Baba alicheka peke yake. Mama alishika kipande kimoja akakitazama kwenye mwanga, akasema, “Wabeja,” yaani ahsante, kwa sauti ya mtu anayeshukuru kweli.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Kwetu mwanamke hakati michembe peke yake. Leo wanakuja kwako na visu vyao, kesho mnakwenda kwa mwingine, mpaka mtaa mzima umekwisha. Nilipokwenda bombani kuchota maji, wasichana walikuwa wakipanga nani ataanza kwa nani. Nikatua ndoo nikasema, “Kwetu msijisumbue. Sisi hatuhitaji tena mikono ya watu.” Nilisema hivyo hivyo. Sijapunguza neno.

Mama alichimba viazi vya akiba yote ya kiangazi, akavimenya, akaviacha siku mbili vinyauke kama ilivyo desturi, ili michembe iwe mitamu. Siku ya tatu akatandika mikeka na kupika chungu cha uji wa wageni. Hakuja mtu. Jua lilipanda, uji ukafanya utando.

Akawasha mashine. Tuliijaribu kwa viazi vibichi vya kutoka shambani. Hivi vilikuwa vimenyauka, vimelegea lakini vigumu kukatika kama ngozi, vinatoa utomvu mtamu wa kunata. Kisu kikagandwa, na hakuna njia ya kukitoa kukiosha. Mashine ikanguruma, ikatetemeka mezani, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Mama alichukua kisu cha mkono. Alipomaliza kapu moja kati ya saba, vidole havikukunjika tena, na viazi vya chini vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Hicho kilikuwa chakula chetu cha miezi. Alinawa, akajifunga kanga, akatoka bila kuniambia kitu.

Alirudi na wanawake tisa. Mbele alikuwa jirani yetu, Mayu Kulwa, yaani Mama Kulwa.

“Yuko wapi huyo mke mwenza?” alipaza sauti, akiitafuta mashine kwa macho. “Tumekuja kumsalimia!”

“Amelala,” mama akajibu. “Kazi ya siku moja imemshinda.”

“Mwacheni, bado bibi harusi!”

Walicheka, wakakaa, visu vikaanza. Kufikia machweo mwamba wa nyuma ya nyumba ulikuwa mweupe kwa vipande. Mama hakuniuliza neno, siku ile wala siku yoyote. Nikaamini hakujua.

Mwaka huu tumemzika. Mchana baada ya maziko nilikaa mkekani na Mayu Kulwa, sasa mzee wa fimbo, naye akaanza kunihadithia siku ya mashine kama mtu anayenipa zawadi.

“Mama yako aliambiwa maneno yako njiani, akaja akapiga magoti mlangoni kwangu. Akasema, ‘Nilijisifu, mayu, nisameheni, maneno yale yalitoka kinywani mwangu.’ Na binti yangu alikuwa palepale bombani, alikusikia wewe. Tulijua. Naye alijua kwamba tunajua. Tukachukua visu tukaja.”

Nilikuwa nimedhani miaka yote kwamba ukimya wake ulikuwa wa kutofahamu. Kumbe alinilinda mbele ya watu waliokwisha kujua, ili kesho yake niweze kwenda bombani na kichwa juu. Na kweli nilikwenda, nikaimba njiani.

Nikamwomba Mayu Kulwa msamaha. Alinishika mkono muda mrefu.

“Mimi sina cha kukusamehe, ng'wanone, mwanangu,” alisema. “Msamaha huo ulikuwa wa mama yako kuutoa. Na nadhani alishautoa kabla hajafika mlangoni kwangu.”