Kiondo Kilicholala Hotelini

Kuna Jumamosi moja hainitoki akilini, mwanangu, na kila nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha macho hulowa. Ni ile Jumamosi mama mkwe wangu alipoingia katika hoteli ya fahari kando ya Ziwa Naivasha amevaa gauni lake la kanisani, kiondo kinaning'inia mgongoni kwa ukanda uliopita kichwani, na ndani ya kiondo kuku mzima anachungulia watalii.

Nakuita mwanangu ingawa sikukuzaa. Umeolewa na mwanangu, na kwangu hiyo inatosha. Juzi ulinionyesha kwenye simu hiyo hoteli mnayotaka kuwapeleka watoto, yenye gari moshi dogo, maji ya kuteleza na jumba lililopakwa rangi kama keki ya harusi. Ukanitajia bei ya usiku mmoja, nikakuomba uitaje tena nikidhani sikio limenidanganya. Halafu ukauliza, "Mama, kweli inafaa, ama tutakuwa tumechoma pesa bure?" Nikasema chai inapoa. Swali kama hilo mtu halijibu amesimama, na mimi siku hizi nikijibu jambo napenda kupitia njia ndefu.

Baba mkwe wako, Njoroge, alikuwa dereva wa lori la viazi. Alipakia Molo kwenye baridi ile inayouma masikio, akapitia Nakuru tulikokuwa tunakaa, akateremka hadi Nairobi. Kila safari alipita Naivasha, na mara nyingine aliteremsha magunia katika hoteli hiyo, kwa mlango wa nyuma. Kupitia ua wa michongoma aliona nyasi zilizokatwa zikalingana, watoto wa kizungu kwenye bembea, mashua zimefungwa chini ya migunga ya manjano. Uhuru ulikuwa umekuja, na milango ile iliyokuwa imefungwa kwa rangi ya ngozi sasa ilikuwa imefungwa kwa bei tu. Njoroge akajiapiza kwamba siku moja mama yake atalala mle ndani.

Mama yake alikuwa amechuma maua ya pareto katika shamba la mzungu tangu usichana wake, mpaka akapata kipande chake cha ardhi huko huko Molo. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na mvua ikinyesha alipanga sufuria sakafuni kushika matone. Tulikuwa tumeweka akiba ya kununua mabati. Mimi ndiye niliyeisukuma akiba hiyo kuliko hata mwanawe, na nitakwambia kwa nini.

Mimi ni Rasoa, binti wa Kimaragoli niliyezaliwa Nakuru katika nyumba za reli. Yeye alikuwa mama wa Kikuyu wa mlimani. Kikuyu changu kilikuwa cha sokoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha shambani. Kwa miaka sita tuliongea maneno ambayo yangejaa kwenye kikombe. Maji iko? Iko. Mtoto amekula? Amekula. Hakuwahi kunitukana wala kuninyima kitu, lakini hakuketi nami. Nikifika kwake anashika jembe, nikiingia jikoni anatoka kwenda kutafuta kuni. Nilimjua mama huyo kwa mgongo wake. Na niliumia, mwanangu, nisikufiche. Nikawa nafikiri nikimwezekea nyumba, labda atageuka anitazame.

Sasa fikiria Njoroge aliponiambia kwamba mabati yatangoja msimu mwingine wa viazi, kwa sababu ameshalipia hoteli. Nilinuna wiki nzima. Nilimwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Akanijibu kwa upole wake ule wa kuudhi, "Rasoa, mabati hata mama atanunua mwenyewe. Ile nyasi ya ziwani hawezi."

Tulikwenda na lori, maana gari jingine hatukuwa nalo. Mama na mimi mbele, binti yetu Wangari, aliyepewa jina la nyanya yake, katikati yetu. Langoni askari alitazama udongo kwenye magurudumu akainua mkono. "Viazi inaingilia nyuma, boss."

"Leo viazi imekuja kulala," Njoroge akamwambia, akamwonyesha risiti. Hata mimi niliyenuna nilicheka.

Kicheko kiliishia mapokezi. Kijana aliyekuwa pale, nadhifu, tai shingoni, alianza kuandika majina yetu. Mama akashusha kiondo chake polepole juu ya ile meza inayong'aa. Kilikuwa kimejaa viazi alivyovichagua kimoja kimoja, njegere za Molo, na yule kuku.

"Mwenye nyumba ako wapi nimsalimie?" akauliza.

Kijana akatabasamu. "Mwenye hoteli haishi hapa, mama."

"Basi bibi yake."

Watu waliokuwa kwenye viti wakageuka. Njoroge, jasho likimtoka, akamnong'oneza, "Mama, hapa watu hulipa tu. Hakuna haja."

"Kulipa ni kulipa," mama akasema, na hakunong'ona. "Kusalimu ni kusalimu. Mimi siwezi lala kwa nyumba ya mtu na mkono mtupu."

Kijana alikibeba kile kiondo mbali na tai yake akakipeleka nyuma, kuku akipiga kelele njia nzima. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Ilikuwa sakafu nzuri sana, nakumbuka kila kigae.

Basi, mwanangu, tukaanza kustarehe. Loo! Starehe gani ile? Mama alitandika kitanda chake kabla mhudumu hajafika, kisha akaomba ufagio. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu wetu alilitaka jembe siku ya kwanza. Asubuhi ya Jumapili tukaketi kwenye nyasi. Ziwa limetulia, ndege weupe wanatembea kama wenye shamba, Wangari yuko kwenye bembea anapiga mayowe ya furaha. Chai ikaletwa kwenye birika la fedha. Mama hakuigusa. Alikaa ncha ya kiti, mikono mapajani, uso umefungwa.

Njoroge alinivuta kando. Sijawahi kumwona mwanamume yule amevunjika moyo hivyo. "Amekasirika," akaniambia. "Nimetupa pesa ya mabati, na mama yangu hata haoni ziwa. Turudi tu nyumbani."

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Si nilikwambia, si nilikwambia. Yalikuwa yamejipanga ulimini. Nikamgeukia mama nimtazame kabla sijayatema. Ndipo nikaona kwamba ni kweli halitazami ziwa. Anautazama mlango wa jikoni. Kila ulipofunguka aliinua shingo kidogo, mhudumu akitoka na sinia tu, aliishusha tena.

Shingo ile niliijua. Mama yangu mzazi, jirani akimletea ndizi kwenye kikapu, hakukubali kikapu kile kilale bila kutiwa kitu. Kama nyumba haina kitu, ataweka chumvi ya kufunga kwenye karatasi. Alituambia kikapu cha mtu kikirudi kitupu, umemwambia asije tena. Na huyu mama alikuwa ameleta kiondo chake tangu jana, na nyumba nzima yenye taa na mapazia ilikuwa haijamjibu. Hakukasirika. Alikuwa anangoja kuambiwa kama amekaribishwa.

Sikumwambia Njoroge neno. Nilikwenda jikoni, nikaingia bila kubisha.

Mpishi mkuu alikuwa Mkamba mmoja mtu mzima aitwaye Mutiso, kofia ndefu nyeupe kichwani. Kiondo kilikuwa kando ya mlango wa stoo, na kuku amefunikwa kwa kreti ya soda, punje za mahindi mbele yake. "Hiki kiondo ni cha nani?" akaniuliza kabla hata sijamsalimu. "Nauliza tangu jana, hawa vijana wanacheka tu."

Nilimweleza. Akajishika kichwa. "Haiya! Na mama wa watu amekaa hapo nje anangoja?" Akavua aproni iliyochafuka, akavaa safi. Akaanza kufungua makabati. Mimi nilirudi nikaketi mbali kidogo.

Haukupita muda mrefu. Mutiso alitoka kwa mlango ule mwenyewe, hakutuma kijana, akavuka nyasi yote mbele ya watalii na kofia yake ndefu, kiondo amekishika kwa mikono miwili. Akainama mbele ya mama.

"Mama, asante imechelewa, unisamehe. Hii nyumba wenye nyumba ni sisi tunaopika. Viazi yako iko kwa moto sasa hivi, wageni wote watakula mchana." Ndani ya kiondo kulikuwa na mkate uliotoka kwenye oveni, moto bado, na paketi ya sukari na ya majani chai. Kisha akatoa kikombe kidogo mfukoni. "Na kuku yako ametaga asubuhi. Nimekuchemshia."

Mama alisimama. Alichungulia ndani ya kiondo, akalitazama lile yai, akacheka. Miaka sita, na sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake! Kilikuwa kicheko cha msichana. Walisalimiana na Mutiso kwa mikono yote miwili, wakaulizana habari za mvua ya Molo na ya Machakos, kama majirani waliokutana sokoni. Ndipo akamuuliza ni nani aliyemwambia. Mutiso akaninyooshea kidevu.

Mama akanigeukia. Uso mzima, si mgongo.

"Ni wewe? Nani alikufundisha hii?"

"Mama yangu. Ni desturi ya kwetu Maragoli."

"Kumbe hata kwenu kiondo hairudi bure?"

"Hairudi, mama."

Akakipapasa kiti cha pembeni yake. "Kaa hapa."

Nikakaa. Alilimenya yai taratibu, akaligawa katikati, akanipa nusu yangu. Nimekula vyakula vingi maishani, mwanangu, na karamu za watu wakubwa nimealikwa, lakini nusu ile ya yai ndiyo ninayoikumbuka ladha.

Tuliongea mpaka kengele ya chakula. Aliniambia jinsi alivyochuma pareto Njoroge akiwa mgongoni, na jinsi mumewe alivyochukuliwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari asirudi tena. Aliniambia alinyamaza mbele yangu kwa kuogopa kwamba binti wa mjini atacheka Kiswahili chake. Mimi nikamwambia nilikuwa naogopa acheke Kikuyu changu. Basi tukacheka vyote viwili. Akaona nyayo za viboko kwenye nyasi, akauliza ni ng'ombe za nani zinazolishwa usiku bila mchungaji. Njoroge alikuwa amesimama karibu na bembea akitutazama, na alilia, ingawa mpaka anaingia kaburini alisisitiza kwamba ni vumbi.

Mabati tuliyanunua msimu uliofuata. Siku ya kuezeka, mama alinikabidhi mimi nyundo nipige msumari wa kwanza.

Lakini hadithi haijaisha, ngoja niitie pilipili. Miaka michache baadaye Njoroge alipata lori la pili, nasi tukajiona watu. Tukarudi hoteli ile ile, safari hii kwa gari dogo na bila mama. Vyumba vilikuwa vikubwa zaidi. Njoroge akakaa baa na wafanyabiashara wenzake, mimi nikakaa kando ya bwawa nikilinda nywele zangu zisilowe, watoto wakagombania bembea mpaka jioni. Mutiso alikuwa amestaafu. Tulirudi nyumbani na malalamiko kuhusu supu. Ziwa lilikuwa lile lile, mwanangu, na bei ilikuwa imepanda.

Kwa hiyo usiniulize kama hoteli inafaa. Hoteli ni nyumba tu. Jiulize mnakwenda kuketi na nani, na kama mtaketi kweli. Si hoteli iliyonipa mama mkwe, lakini kusema kweli, tungebaki nyumbani tusingekaribiana hivyo. Kulikuwa na jembe kati yetu, na kuni, na moto wa kupuliza. Ilibidi mtu alipe pesa nyingi ili wanawake wawili wakose kazi ya kufanya asubuhi moja. Kama pesa hiyo itawaketisha wewe na mume wako na watoto mkatazamana, ilipeni kwa moyo mweupe, na mkishalipa msiihesabu tena, maana anayestarehe huku akihesabu hajastarehe wala hajaweka akiba. Lakini kama kila mmoja atakimbilia mchezo wake na simu yake, bakini nyumbani, chemsheni viazi, mtakuwa mmepata zaidi. Na popote mtakapolala, hata mkiwa mmelipa, msiingie mikono mitupu. Waulizeni majina wanaowapikia. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mungu awafungulie njia, awape meza ambayo hakuna anayeharakisha kuinuka, na watoto wenu wakumbuke nyuso zenu zaidi ya migongo yenu. Kiondo chenu kisirudi kitupu popote kitakapokwenda.

Na wewe mwanangu, kama safari hiyo mtanichukua na mimi, usijisumbue kunifungia mizigo. Hicho kiondo cha mama mkwe wangu bado ninacho, na kuku nimeshamchagua.